Nguzo ya Rangi Tatu

Alikuwa na jina lake halali, lililoandikwa kwenye kitambulisho cha kazi, lakini ukimwita kwa jina hilo angegeuka nyuma aangalie ni nani anaitwa. Watu wote walimjua kwa jina la Matete. Alikuwa mtunza kinamasi wa jiji, kinamasi chenyewe kilijaa matete, na yeye alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye nywele zilizotimka. Waliompa jina hawakuumiza kichwa.

Hapo kwenye kinamasi zamani palikuwa na mfereji wa zege. Mvua ikinyesha milimani, mfereji ule uliyapokea maji yote na kuyamwaga kwa mkupuo mmoja Mtaa wa Bondeni, nyumba za watu zikawa visima. Wakuu wa jiji wakakaa, wakabishana, hatimaye wakavunja zege. Wakachimba ardhi pana, wakapanda matete na mafunjo na miti inayopenda maji, wakauacha mto ujitandaze upendavyo. Watu walicheka sana. Kwingine wanajenga barabara, walisema, sisi tunajenga tope. Kisha ikaja mvua kubwa ya kwanza, maji yakaingia kwenye matete kwa hasira zake zote, yakatoka upande wa pili yakitembea polepole na kwa adabu. Asubuhi yake watu wa Bondeni walikuta viatu vyao chini ya kitanda, palepale walipoviacha. Kicheko kikaisha.

Katikati ya kinamasi kulisimama nguzo ya chuma iliyopakwa rangi tatu. Chini kijani, juu yake njano yenye urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na juu kabisa nyekundu. Maji yakiwa kwenye kijani, kila mtu aendelee na shughuli zake. Yakigusa njano, ofisi hubonyeza kitufe na mlango wa maji hufunguka kuelekea uwanja wa mpira, uliochimbwa chini makusudi ili unywe maji ya ziada. Yakigusa nyekundu, king'ora hulia Bondeni na watu hukimbilia ghorofani. Kazi ya Matete ilikuwa kusoma nguzo na kupiga simu ofisini. Ofisi nayo ilikuwa na kamera juu ya paa la kibanda chake, inayoikodolea nguzo macho mchana na usiku.

Matete aliipenda nguzo ile kuliko alivyopenda watu wengi. Mwaka uliopita, alipokuwa likizoni, mtu wa kumshikia zamu aliona maji yamejaa akaingiwa na woga, akapiga simu kusema nyekundu bila hata kuitazama nguzo. King'ora kikalia. Watu wakakanyagana ngazini, na mama yake Matete, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza miaka minne, alibebwa juujuu na majirani wanne hadi ghorofa ya pili, bega likateguka. Kumbe maji yalikuwa njano, tena njano ya chini. Matete alirudi akiwa amefura. Aliingia ofisini, akagonga meza, akasema kuanzia leo asiwepo mtu wa kukadiria kwa macho katika kazi hii. Ofisi ikamsikiliza. Ikatungwa kanuni, ikabandikwa ukutani: king'ora hakilii mpaka neno la mtunza kinamasi na picha ya kamera vikubaliane. Kila alipopita mbele ya karatasi ile alijisikia vizuri, maana kanuni ilikuwa yake.

Sasa, wiki mbili kabla ya mvua ninayoisimulia, zilikuja habari kwamba wageni kutoka miji mingine wanakuja kutazama kinamasi. Ilikuwa kiangazi, maji yamerudi kwenye mkondo wa mto, tope limekauka. Matete aliitazama nguzo akaona aibu. Ilikuwa imeota ukungu, kijani kimefifia, njano imekuwa rangi ya uji. Akamwita Fundi Rangi, rafiki yake wa siku nyingi, wakaing'oa, wakaisugua, wakaipaka rangi mpya na kuianika siku mbili.

Siku ya kuirudisha, Matete alikuwa makini kupita kiasi. Alikumbuka jinsi mhandisi alivyoagiza miaka mitano nyuma, nguzo iliposimikwa mara ya kwanza: ukingo wa chini wa kijani ukae sawasawa na uso wa tope, hata unene wa kidole usizidi wala kupungua. Basi aliirudisha kwenye shimo lake lilelile, akaigonga taratibu, na kila baada ya pigo alipiga magoti kuchungulia. Ukingo wa kijani ulipolingana na tope akaacha. Akachukua timazi kuhakikisha haikuinama.

"Wewe ungekuwa mchimba kaburi," Fundi Rangi alimwambia, "maiti wasingekuwa na la kulalamika."

Wakacheka. Wageni wakaja, wakapiga picha na nguzo inayong'aa, wakaondoka. Siku ya nne baadaye mawingu yakakaa juu ya milima na yakagoma kuondoka.

Siku ya tatu ya mvua, saa nne asubuhi, Matete alivaa koti la plastiki na viatu vya mpira, akatoka kibandani. Maji yalikuwa yamefika mbali kwenye kijani, yamebakiza shibiri mbili kuigusa njano. Alipiga simu ofisini, akapokelewa na dada wa zamu, binti mpole aliyependa kumwita mzee ingawa Matete hakuona kwamba uzee umeshafika.

"Kijani," alisema. "Shibiri mbili chini ya njano."

"Na mimi naona hivyohivyo, mzee. Asante."

Aliporudi alipita kwenye kijia cha mbao cha siku nyingi, kilekile walichopitia wageni, na akaona maji yanalamba mbao kwa chini. Alisimama kidogo. Kwa kumbukumbu zake, maji hugusa mbao zile nguzo ikiwa njano. Akaziangalia mbao, akaiangalia nguzo, akaamua kwamba kijia kimedidimia. Wageni walikuwa wengi na baadhi yao wanene. Akajiambia atakiinua mvua ikikatika.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, anayepiga kutoka Bondeni, chumba cha chini walichoishi na mama.

"Baba watoto, huku mtaroni maji yanapanda. Tumpandishe mama juu?"

"Juu wapi?"

"Kwa jirani, kama mwaka jana. Vijana wapo sasa hivi, baadaye wataondoka kwenda kazini."

"Mwaka jana mlimtegua bega. Mpaka leo akigeuzwa analia."

"Ndiyo maana nakuuliza mapema, tumbebe taratibu."

"Nguzo ni kijani. Hata njano haijaiona. Mwache mama apumzike."

"Una hakika?"

"Mke wangu, kazi hii nimeianza jana?"

Mkewe akacheka, akakata simu. Vijana wakaenda kazini.

Mchana mvua haikuongezeka wala kupungua. Ilinyesha tu, kama mtu anayefanya kazi kwa zamu. Matete alikula mkate wake amesimama mlangoni mwa kibanda, na hapo ndipo alipogundua kuna kitu kinakosekana. Alichukua muda kujua ni nini. Vyura walikuwa wamenyamaza. Tangu asubuhi ya kwanza ya mvua walipiga kelele hata akatamani kuwatukana, na sasa hakuna hata mmoja. Aliangalia chini akaona konokono ukutani. Walikuwa wengi, wadogo kwa wakubwa, wanapanda kibanda kwa mwendo wao ule wa kuudhi, na wa mbele walishafika usawa wa kifua chake.

Alitoka kusoma nguzo. Kijani. Shibiri moja chini ya njano.

Kijia cha mbao hakikuonekana tena. Chote kilikuwa chini ya maji, zimebaki nguzo zake za kushikia tu. Alisimama mvuani akibishana na macho yake mwenyewe, na kwa kuwa yeye ndiye aliyepiga marufuku macho, macho yakashindwa. Alipiga simu.

"Kijani. Shibiri moja."

"Nakuona hapo, mzee. Una koti zuri."

Alitaka kumwambia habari za kijia na konokono. Akafikiria jinsi itakavyosikika: mtu mzima, mtunza nguzo, anatoa ripoti ya konokono. Akakata simu.

Ilipofika saa tisa ndipo kinamasi chenyewe kilipomwambia, maana mtu mwingine wa kumwambia hakuwepo. Kila mvua, takataka za mjini huletwa na mto, zikaingia kwenye matete na kunasa humo. Chupa, kandambili, vipande vya godoro, vyote hukwama, na Matete hutumia wiki nzima baada ya mvua kuviokota huku akilaani uchafu wa binadamu wenzake. Alasiri ile aliona beseni jekundu linakuja. Likaingia kwenye matete. Halikukwama. Lilipita moja kwa moja juu ya vichwa vya matete, likazunguka mara moja, likaelekea Bondeni mbiombio. Nyuma yake likaja pipa. Nyuma ya pipa ukaja mlango wa nyumba, na bawaba zake, nao ukapita bila kugusa kitu.

Kinamasi kilikuwa kimejaa. Maji hayakuwa yakipungua kasi tena, yalipita juu kama vile kule chini hakuna kilichopandwa. Na nguzo, mpya na maridadi, ilisema kijani, vidole vinne chini ya njano.

Matete alichukua upondo aliotumia kusukumia mtumbwi wake mdogo wa kukatia matete, akaingia majini. Maji yalimfika kifuani. Alijivuta kwa kushika nguzo za kijia hadi akafika penye nguzo ya rangi. Akauteremsha upondo pembeni yake mpaka ukagusa tope, akaweka alama kwa kidole gumba kwenye usawa wa maji. Kisha akausukuma. Ulizama kwenye tope laini bila ubishi, ukazama tena, mpaka ukagonga ardhi ngumu, ile ya kinamasi cha siku ya kwanza. Alipoutoa, tope lilikuwa limeupaka kwa urefu wa mkono mzima na vidole kadhaa zaidi.

Alielewa yote mara moja. Matete yalifanya kazi yaliyopandwa kuifanya. Yalipunguza mwendo wa maji, na maji yakipunguza mwendo huangusha udongo yaliobeba. Miaka mitano tope lilikuwa likijazana chini, mvua baada ya mvua, na nguzo haikujali kwa sababu ilisimama palepale, tope likipanda kuizunguka. Yeye ndiye aliyeing'oa. Yeye ndiye aliyepiga magoti na kulinganisha kijani na tope la leo, akidhani ni tope la siku ile. Aliipandisha nguzo mkono mzima juu ya ukweli. Tena aliona! Walipokuwa wakiisugua, kijani cha kule chini kilikuwa bado kibichi, hakijaguswa na jua, kwa kuwa kilikuwa kimefukiwa. Fundi Rangi aliuliza mbona huku rangi haijachakaa, naye akajibu kwamba rangi za zamani zilikuwa imara.

Kwa hiyo saa nne ilikuwa njano, na uwanja wa mpira ulipaswa kuanza kunywa. Sasa ilikuwa nyekundu.

Nitasema na hili, ingawa mwenyewe asingependa lisemwe. Alisimama pale majini kwa dakika tatu au nne bila kufanya lolote. Aliogopa maji, ndiyo, lakini aliogopa zaidi ile karatasi ukutani, na nyuso za watu ofisini wakisikia kwamba yule wa kugonga meza ndiye aliyeharibu. Alitafuta maneno ambayo yangetoa hatari bila kutoa kosa. Hayakupatikana. Beseni jingine likapita, safari hii la mtoto, lenye bata wa plastiki ndani.

Alirudi kibandani akihema. Kwanza alimpigia mkewe. Simu iliita mpaka ikachoka. Alijua iko dirishani inachajiwa na yeye yuko nyuma anazibua mtaro, ndivyo alivyo. Akapiga ofisini.

"Nyekundu," alisema. "Washa king'ora."

"Mzee, mimi naona kijani."

"Unachokiona si sawa. Nguzo imekaa vibaya."

"Imekaaje vibaya? Imesimama wima."

"Niliisimika juu mno, binti. Mimi mwenyewe. Maji yameshaingia kwenye nyekundu ya kweli. Bonyeza."

"Mzee, siwezi kubonyeza kwa neno peke yake, unajua. Kanuni hii wewe ndiye uliyeileta. Mwaka jana watu waliumia. Ngoja nimtafute mhandisi, yuko kwenye mkutano, nitamtumia mtu."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika kumi. Ishirini."

"Una mtu Bondeni?"

"Sina."

"Mimi ninaye. Tazama kamera, usiondoe macho."

Alitupa simu kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga na kuutia kifuani. Akachukua nyundo kubwa ya kugongea vigingi. Safari hii maji yalimfika kwapani na mara mbili yalimwondoa miguu chini. Alipofika, alipanda juu ya boriti ya kijia iliyozama, akailalia kwa kifua nguzo ya kushikia ili maji yasimchukue, akainua nyundo juu ya kichwa.

Pigo la kwanza liliteleza likamchoma mabega. La pili lilikamata. Nguzo ilishuka kidogo, ikagoma, kisha ikaona shimo lake la zamani chini ya tope na kuanza kuzama. Kijani kilipotea majini. Matete alipiga tena. Ukingo wa njano ukafika kwenye maji, ukaingia. Alikuwa akilia sasa, na hakujificha, nani angemwona zaidi ya kamera. Kila pigo njano ilipungua. Alipiga mpaka viganja vikachubuka, mpaka rangi mpya ikabanduka kichwani mwa nguzo, mpaka chuma kikagonga ngumu na kukataa kwenda. Alifuta maji usoni, akatazama. Maji yalikuwa ndani ya nyekundu kwa upana wa vidole vinne.

Aligeuka, akainua nyundo kuelekea kwenye kamera, asijue hata anamaanisha nini kwa kufanya hivyo.

Sekunde zilipita. Halafu, mbali, nyuma ya mvua, king'ora kilianza chini chini na kupanda juu.

Simu ililia kifuani. Aliitoa na mfuko wake, akaiweka sikioni vilevile.

"Baba watoto, hiki king'ora ni cha majaribio?" Mkewe alikuwa akipiga kelele. "Maji yameingia ndani! Yananifika magotini, yameingia mara moja tu!"

"Si majaribio. Mtoe mama. Mtoe sasa hivi."

"Vijana hawapo! Niko na mke wa jirani tu, na mama hataki kushikwa. Kashikilia kitanda."

"Mwambie!"

"Nimemwambia. Anasema mtoto wake amesema kijani. Anasema hawezi kuvunjwa bega tena kwa woga wa watu wengine. Ngoja, nakuweka sauti kubwa. Sema naye wewe."

Akasikia chumba chao. Akasikia maji ndani ya chumba chao, yakigonga kabati, na kitu cha bati kinachojigongagonga ukutani. Kisha sauti ya mama yake, iliyopinda upande mmoja tangu kile kiharusi, tulivu kabisa.

"Mwanangu. Waambie waniache. Si ulisema?"

Matete alifungua mdomo. Miaka yake hamsini na mitatu hakukumbuka kumwambia mama yake, wala mtu yeyote, maneno aliyokuwa akiyatafuta.

"Mama, nilikosea," alisema. "Nguzo niliiweka vibaya. Si watu wengine, ni mimi. Achia kitanda."

Maji yaliendelea kugonga kabati.

"Mama, umenisikia? Nilikosea! Achia kitanda!"

"Nimesikia," mama yake alisema, na sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mzee sana. Kisha akasema na wale wanawake. "Nishikeni. Si huko, huko ndiko kubovu. Shikeni huku."

Alisikia mkewe akihesabu moja, mbili. Alisikia mama yake akilia kwa maumivu, na kishindo, na mke wa jirani akisema mlango haufunguki, maji yanausukuma, njoo tusukume wote. Kisha kelele za simu kuanguka majini, na baada ya hapo hakuna kitu.

Alipiga tena, na tena. Mto ulipita kifuani mwake ukielekea huko huko Bondeni, umebeba mbao, na viti, na matawi ya miti iliyopandwa kinamasini. Alibaki ameikumbatia nguzo ya kijia, akipiga simu isiyoita, na king'ora kikaendelea kulia.